"Hata mimi nimechoka!" Magazeti yalivyowageuza wagonjwa kichekesho

HEBU kumbuka, msomaji wetu. Mara ya mwisho rafiki yako alipokwambia kachoka, ulimjibu nini? Bila shaka ulimwambia: "Nani hajachoka mjini hapa?" Akacheka, ukacheka, mkamaliza soda zenu, kila mtu akaenda zake.

Sasa mchukue binti wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo cha Kenyon huko Ohio, Marekani. Mwaka ni 1987, mwezi wa Machi. Yuko njiani anarudi chuoni kutoka likizo, mzima wa afya, na ghafla tumbo linamvuruga. Akadhani ni chakula. Tumbo likapoa, lakini mwili ukagoma kurudi. Siku moja akaamka, akajaribu kukaa kitandani, akashindwa. Kukaa tu, si kukimbia! Chuo akakiacha. Akazunguka kwa madaktari, na mmoja baada ya mwingine wakamwambia tatizo liko kichwani mwake.

Binti huyo anaitwa Laura Hillenbrand. Kama jina halikwambii kitu, basi huenda uliiona filamu ya "Seabiscuit" ya mwaka 2003, ile ya farasi wa mashindano. Kitabu kilichozaa filamu hiyo, kilichotoka 2001, alikiandika yeye, akiwa ndani ya nyumba, kizunguzungu kinamtesa, mahojiano anayafanya kwa simu. Julai 2003 alisimulia ugonjwa wake katika jarida la The New Yorker, na watu wakashika vichwa. Kumbe mtu aliyeandika habari za farasi wenye mbio kuliko wote, mwenyewe kushuka ngazi ilikuwa safari.

Ugonjwa wake kitaalamu unaitwa uchovu sugu. Waingereza wanauita ME. Lakini wakati binti huyo anaacha chuo, magazeti yalikuwa na jina lao wenyewe, tena jina bomba: mafua ya mayapi.

MAYAPI NI AKINA NANI?

Yapi ni neno la vijiweni vya Wamarekani wa miaka ya 80. Ni kijana msomi wa mjini, ana kazi nzuri, ana mshiko, ana suti na gari la maana, jioni yuko klabu ya mazoezi. Kwa kifupi, anatesa. Kwa hiyo gazeti likisema "mafua ya mayapi", msomaji anaelewa mara moja: haya ni magonjwa ya watu waliokosa shida. Wamekula, wameshiba, sasa wanaumwa uchovu.

Niseme ukweli kama mtu anayeishi kwa vichwa vya habari: kile kichwa ni kitamu. Ni kifupi, kinachekesha, halafu kinamtia msomaji wivu kidogo. Kingeletwa mezani kwetu jioni ya kufunga kurasa, kiwanda kinapiga simu, sijui kama ningekikataa.

Kasheshe lilianzia wapi? Kati ya 1984 na 1985, katika mji mdogo wa Incline Village, kando ya Ziwa Tahoe huko Nevada, madaktari wawili, Paul Cheney na Daniel Peterson, walianza kupokea wagonjwa wa aina moja. Watu wanapata kitu kama mafua makali, halafu hawaponi. Wiki, miezi, bado wamelala. Kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilituma wachunguzi mwaka 1985. Bahati mbaya mji wenyewe ni wa watu wenye nazo, wanaokwenda kuteleza kwenye theluji. Waandishi wakaona majumba, wakaona magari, hadithi ikajiandika yenyewe.

Mwaka 1988 CDC ikatoa jina rasmi la uchovu sugu, na kwa maoni yangu hapo ndipo mgonjwa alipomalizwa kabisa. Ni sawa na kuuita kifua kikuu "ugonjwa wa kukohoa". Nani hajawahi kukohoa? Nani hajawahi kuchoka?

UCHOVU GANI HUU?

Kwa taarifa yako, uchovu wenyewe si ule wa kutoka kazini umesimama ndani ya daladala. Ule ukilala unaisha. Huu unalala nao, unaamka nao. Fikiria simu yenye betri bovu. Umeichaji usiku kucha, asubuhi inaonyesha kijiti kimoja, ukipiga simu mbili imezima. Na kibaya zaidi, betri hiyo ukiilazimisha inazidi kufa.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha habari yote, na ndilo magazeti yalichelewa miaka mingi kuliandika. Mgonjwa akifanya kitu kidogo, kama kuoga, kuongea na mgeni nusu saa au kusoma kurasa chache, anaweza asisikie kitu siku hiyo. Kesho yake au keshokutwa ndipo anaanguka. Misuli inauma, kichwa kinajaa ukungu, mwanga unaumiza, sauti zinaumiza, na hali hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa. Wengine hawarudi tena pale walipokuwa.

Februari 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti baada ya kupitia machapisho zaidi ya 9,000. Ilisema huu ni ugonjwa wa kweli wa mwili, mzito, na kuanguka baada ya kujishughulisha ndiyo alama yake kubwa. Marekani peke yake wagonjwa walikadiriwa kuwa kati ya 836,000 na milioni 2.5, na wengi wao, asilimia 84 hadi 91, hawajawahi kuambiwa na daktari wanaumwa nini. Robo yao, kwa uchache, hufikia hatua ya kufungiwa nyumbani au kitandani.

Na ule uyapi je? Mwaka 1999 Profesa Leonard Jason wa Chuo Kikuu cha DePaul na wenzake walichapisha utafiti wa Chicago. Hawakwenda kuhesabu watu hospitalini, maana hospitali anaiona mwenye hela. Walipiga simu majumbani, wakahoji watu wazima 18,675, kisha wale wenye dalili wakapimwa. Walioonekana kuugua zaidi walikuwa wanawake, Walatino na Weusi, na watu wa elimu ndogo na kazi za chini. Yaani mayapi walikuwa wanaonekana kwa sababu wao ndio walikuwa na uwezo wa kumuona daktari. Mfagizi wa ofisi yao alikuwa anaumwa kimya kimya.

Utafiti huo haukupata kichwa cha habari kitamu. Ungewekaje? "Mafua ya wafagizi"? Nani angenunua?

KABLA YA HAPO, LONDON

Kumbe dharau yenyewe ni ya zamani. Julai 1955 hospitali ya Royal Free ya London iliingiliwa na ugonjwa usioeleweka. Ulianza na wafanyakazi wachache, ukaenea ile mbaya. Tarehe 25 Julai hospitali ikafungwa hadi Oktoba. Wafanyakazi 292 waliugua, madaktari na manesi wakiwamo, lakini kati ya wagonjwa waliokuwa wamelazwa ni 12 tu waliopatwa. Walikuwa na homa, tezi zimevimba, viungo vinalegea. Mwaka 1956 jarida la The Lancet likatoa jina refu ambalo ndilo limefupishwa kuwa ME, lenye maana ya maumivu ya misuli pamoja na uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1970, madaktari wawili wa magonjwa ya akili, McEvedy na Beard, wakachapisha makala wakisema pale Royal Free hapakuwa na ugonjwa, ni mchecheto wa kundi tu. Sababu yao mojawapo? Wengi walioumwa walikuwa wanawake. Na hao madaktari hawakumpima mgonjwa hata mmoja. Walisoma mafaili.

Sisi jambo la mchecheto wa kundi tunalijua. Januari 1962, shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kati ya wasichana 159, walipatwa 95, na Machi shule ikafungwa. Mpaka leo huko duniani wanasimulia eti walicheka miezi mfululizo bila kupumua. Si kweli, yalikuwa mashambulio ya kuja na kuondoka. Ndivyo habari inavyonenepa ikisafiri. Lakini pale Kashasha angalau madaktari walikwenda, wakawaona wagonjwa kwa macho, ndipo wakaandika.

Wa Royal Free wakabaki na jina la wapiga kelele. Na dharau ikishaingia kwenye makaratasi, inaingia mpaka kwenye fedha. Mwaka 1999 wakaguzi wa serikali ya Marekani waligundua kwamba kati ya dola milioni 22.7 ambazo CDC ilisema imezitumia kwa uchovu sugu kuanzia 1995 hadi 1998, dola milioni 8.8 zilikwenda kwenye shughuli nyingine, na milioni 4.1 hazikuwa na vielelezo vya kueleweka. Aliyefichua alikuwa mkuu wa utafiti huo huo ndani ya CDC, William Reeves.

KIRUSI KIMEPATIKANA! (HAKIKUPATIKANA)

Usidhani magazeti yalikosea kwa kudharau tu. Kuna mwaka yalikosea kwa kushangilia.

Oktoba 2009 jarida la Science lilichapisha utafiti uliosema kirusi kiitwacho XMRV kimekutwa kwa wagonjwa 68 kati ya 101, na kwa watu wazima wa afya 8 tu kati ya 218. We! Dunia ikalipuka. Chanzo kimepatikana! Wagonjwa walilia kwa furaha, maana hatimaye walikuwa na kitu cha kuwaonyesha majirani. Wakanunua vipimo kwa fedha zao. Wapo walioanza kumeza ARV, dawa za Ukimwi, wakiamini zitaua kirusi hicho. Novemba 2010 Uingereza ikawazuia wagonjwa wa ME kuchangia damu.

Halafu maabara nyingine zikatafuta, zisione kitu. Mwaka 2011 ikabainika kirusi chenyewe kilizaliwa maabara, miaka ya 90, kutokana na virusi viwili vya panya vilivyoungana wakati watafiti wakiotesha seli za saratani ndani ya panya. Ulikuwa ni uchafu wa maabara ulioingia kwenye sampuli. Desemba 2011 Science ikaifuta makala.

Habari ya kupatikana ilisikika mpaka kwa asiyesoma magazeti. Ya kufutwa waliisikia wagonjwa.

TOKA NJE, FANYA MAZOEZI

Sasa tufike penye uzito, maana hapa kichwa cha habari kiligusa miili ya watu.

Februari 2011 The Lancet ilichapisha utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao PACE. Wagonjwa 641, gharama kama pauni milioni 5, na sehemu ya fedha ilitoka wizara inayolipa posho za wasiojiweza. Utafiti ulisema tiba ya mazungumzo na mazoezi ya kuongezwa kidogo kidogo vinasaidia kwa kiasi. Shika neno hilo, "kwa kiasi". Kwenye makundi hayo mawili, kama wagonjwa 60 kati ya 100 walisema wamepata nafuu. Lakini hata katika kundi lililopata huduma ya kawaida tu ya daktari bingwa, 45 kati ya 100 walisema hivyo hivyo. Tofauti ni kama watu 15.

Magazeti ya London hayakuwa na muda wa "kwa kiasi". Mengine yaliandika kama vile dawa imepatikana, na dawa yenyewe ni kutoka nje ukatembee. Shangazi akasoma. Mwajiri akasoma. Mwalimu wa mtoto anayeumwa akasoma. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba mazoezi yanakulaza wiki mbili, atakuonyesha gazeti.

Mwaka 2013 watafiti hao hao wakaja na nyingine: asilimia 22 ya waliopata tiba hizo wamepona. Sasa tulia usome hapa taratibu. Kulikuwa na kipimo cha uwezo wa mwili, alama 0 hadi 100. Ili mtu aingie kwenye utafiti kama mgonjwa, ilibidi awe na alama 65 au chini yake. Katika mpango wa mwanzo, aliyepona alitakiwa kufikia 85. Katikati ya safari wakabadilisha: kupona ikawa 60 au zaidi.

Umeona? Ni kama tuisheni inayopokea wenye 65 kushuka kwa kuwa ni dhaifu, halafu mwisho wa muhula inasema mwenye 60 kupanda kafaulu. Mwanafunzi kaingia na 65, katoka na 60, kashuka, anapewa cheti! Vilikuwapo vipimo vingine vya kutimiza pamoja na hicho, lakini kwenye hicho mtu angeweza kuzidiwa na bado akahesabika kapona. Watafiti walijitetea kwamba mabadiliko waliyafanya kabla ya kuyaangalia matokeo, na wamesimama na utafiti wao.

Ajabu ni kwamba namba hizo hazikufichwa, zilikuwa kwenye maandishi yao wenyewe. Wagonjwa walizisoma wakiwa wamelala, wakaandika barua, wakaambiwa ni wakorofi. Kuna magazeti yaliyoandika zaidi habari za wagonjwa wakali kuliko habari za 60 na 65.

Aliyekaa chini kuzisoma kwa niaba ya umma ni mwandishi wa habari, David Tuller, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Oktoba 2015 alitoa mfululizo mrefu usipime, kupitia kwa Vincent Racaniello, profesa wa virusi wa Chuo Kikuu cha Columbia. Hakuwa na siri ya kuvujisha. Alichofanya ni kufungua ripoti, kuhesabu na kuuliza.

Mwezi huo huo ikatoka ripoti ya kuwafuatilia wagonjwa wa PACE baada ya miaka miwili na zaidi. Gazeti kubwa la London likaitoa kwamba ME inashindwa kwa mazoezi na mawazo mazuri. Ukifungua ripoti yenyewe unakuta tofauti kati ya makundi imetoweka. Waliofanya mazoezi na wasiofanya wako sawa. Watafiti walieleza kwamba baadhi ya wale wengine nao walipata tiba hizo baadaye. Sawa, lakini hilo halionyeshi popote kwamba mazoezi yameshinda.

Mgonjwa mmoja wa Australia naye alikuwa ameomba takwimu ghafi kwa sheria ya uhuru wa habari. Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London kikakataa, kikaenda barazani, kikatumia zaidi ya pauni 200,000 kwa mawakili. Agosti 2016 baraza likaamuru zitolewe. Zikapigwa hesabu upya kwa vigezo vya mwanzo. Asilimia 22 ya waliopona ikawa 7 kwa tiba ya mazungumzo na 4 kwa mazoezi, wakati wa huduma ya kawaida walikuwa 3.

Mwaka 2017 CDC iliyaondoa mapendekezo ya tiba hizo kwenye maelezo yake kwa umma. Oktoba 2021 NICE, taasisi inayowapa madaktari wa Uingereza mwongozo, ikasema wagonjwa wa ME wasipewe mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba, na tiba ya mazungumzo isihesabiwe kuwa inaponya ugonjwa, bali ya kumsaidia mtu kuishi nao. Kuanzia kichwa cha habari cha 2011 mpaka hapo ni miaka kumi. Kuna watoto wa shule waliopelekwa kwenye mazoezi hayo katika miaka hiyo, wakaingia wanatembea.

HATA PICHA

Kuna dogo linaloniudhi kuliko yote. Chukua habari yoyote ya ugonjwa huu, uangalie picha. Utamkuta dada mrembo, shati limepigwa pasi, yuko mbele ya kompyuta, kashika kipaji cha uso au anapiga miayo. Kesho picha hiyo hiyo inatumika kwenye habari ya usingizi, keshokutwa kwenye habari ya bosi mkali. Mgonjwa wa hali mbaya yuko chumba cha giza, kaziba masikio, anashindwa kutafuna. Jennifer Brea alijirekodi akiwa kitandani na kutoa filamu ya "Unrest" mwaka 2017, kwa hiyo asiseme mhariri kwamba picha hazipatikani.

Na kama bado unadhani haya ni ya Wazungu, kumbuka tangu 2020 kuna watu waliougua Corona, wakapona kifua, mwili usirudi. Baadhi yao, wakipimwa kwa vigezo, wana ugonjwa huu huu. Corona haikuuliza nani yapi.

Sayansi nayo inasogea. Agosti 2025 watafiti wa DecodeME, wakiongozwa kutoka Edinburgh, walitangaza wamekuta maeneo 8 kwenye vinasaba yanayotofautiana kati ya wagonjwa 15,579 na watu wa kawaida. Walitoa matokeo kabla hayajapitiwa na wanasayansi wengine, na wakalisema hilo wazi. Maeneo hayo si kipimo wala dawa, ila yanaonyesha pa kuchimba.

Miezi miwili baadaye, Oktoba 2025, ikaja nyingine kutoka Uingereza: kipimo cha damu cha uchovu sugu, usahihi wa asilimia 96. Vichwa vya habari unavijua, sina haja ya kukuandikia. Ndani yake walikuwamo wagonjwa 47 na watu wazima wa afya 61. Na wale 47 wote walikuwa wa hali mbaya, wasiotoka nyumbani. Sasa mtu asiyeweza kutoka nyumbani na mtu anayewahi basi asubuhi, hata mama mwenye nyumba anawatofautisha bila sindano. Mgumu ni yule wa katikati, anayekuja kazini Jumatatu na Jumanne, Jumatano haonekani, na wenzake wanasema ana hengova.